Kuonana Angani, Kuonekana Ardhini: Historia ya Migongano ya Ndege Ndogo na Utafutaji wa Waathirika Afrika Mashariki, 1929–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya migongano ya ndege ndogo angani na kazi ya utafutaji inayofuata baada ya ajali, kwa kurejelea zaidi Kenya, Uganda na Tanzania. Inaanzia kwenye mgongano uliotokea Nairobi tarehe 5 Machi 2024 na kurudi nyuma hadi miaka ya mwanzo ya usafiri wa anga katika ukanda huu. Hoja kuu ni kwamba kinga dhidi ya mgongano na mbinu za utafutaji zimejengwa juu ya msingi mmoja dhaifu, yaani jicho la mwanadamu. Makala inaonesha kwamba kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliugawa wajibu wa utafutaji kwa kufuata mipaka ambayo ndege haizioni. Inaonesha pia kwamba katika ajali nyingi wanaotangulia kufika ni wananchi ambao mipango rasmi haiwatambui. Mwisho, inatoa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kuelekea Diani katika pwani ya Kenya. Ndani yake mlikuwa na abiria 39 na wahudumu 5. Muda mfupi baada ya kuruka iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ndege kubwa iliweza kurudi Wilson na watu wote 44 wakashuka wakiwa hai. Ndege ndogo ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi, wakapoteza maisha.

Makala hii haikusudii kupima kosa lilikuwa la nani. Kazi hiyo ni ya wachunguzi wa ajali. Kwa mujibu wa Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uchunguzi huo unalenga kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Swali letu ni la kihistoria: ilikuwaje ndege za mafunzo, za watalii, za madaktari na za abiria zikajikuta zikitumia kipande kimoja cha anga, na ukanda huu umejifunza nini kuhusu kuwatafuta wanaoanguka?

Maswali hayo mawili kwa kawaida hujadiliwa mbali mbali. Mgongano huhesabiwa kuwa suala la waongozaji wa ndege, na utafutaji huachiwa majeshi, polisi na askari wa hifadhi. Tunadai kwamba ni suala moja. Kinachowaua watu angani ni kutoonana kwa wakati. Na kinachowaua baadhi ya walionusurika ardhini ni kutoonekana kwa wakati.

2.0 Anga Tupu na Kanuni ya Kuona na Kukwepa, 1929–1945

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Miaka miwili baadaye, Februari 1931, Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Uwanja wa Nairobi West, ambao mwaka 1962 ulipewa jina la Wilson, ulikuwa ukingoni mwa mji. Kusini yake kulikuwa na mbuga ambazo mwaka 1946 zilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Kenya.

Katika anga hiyo tupu, ndege kukutana na nyingine lilikuwa jambo la nadra. Kanuni ya usalama ilikuwa rahisi: rubani atazame nje, akiona ndege aikwepe. Kanuni hiyo ilitoka Ulaya na Marekani, na bado ndiyo inayotawala sehemu kubwa ya safari za ndege ndogo duniani.

Utafutaji nao ulifuata njia hiyo hiyo. Rubani asipofika alikotarajiwa, marubani wenzake waliruka kumtafuta kwa macho. Beryl Markham, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1942, anasimulia jinsi alivyomtafuta rubani mwenzake aliyepotelea upande wa Serengeti na kumkuta hai. Masimulizi hayo huelezwa kama hadithi ya ushujaa. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa mfumo: hapakuwa na chombo kilichokuwa na wajibu wa kutafuta. Palikuwa na udugu wa watu wachache waliofahamiana kwa majina na kwa mlio wa injini zao.

3.0 Jicho Linapodanganya: Nile, Januari 1954

Tukio la Januari 1954 nchini Uganda linaonesha udhaifu wa utafutaji wa macho kuliko tukio lolote la enzi hiyo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakisafiri kwa ndege ndogo aina ya Cessna 180 iliyorushwa na rubani Roy Marsh. Karibu na maporomoko ya Murchison, rubani alijaribu kuwakwepa ndege wa porini, chombo kikagonga waya wa zamani wa simu na kulazimika kutua vichakani. Wote watatu walinusurika, Mary akiwa na maumivu ya mbavu, wakalala usiku ule porini kando ya Mto Nile.

Ndege kubwa ya shirika la BOAC ilipita juu ya eneo hilo na kuyaona mabaki. Haikuona dalili ya uhai. Taarifa ikaenea, na magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kwamba mwandishi huyo amefariki. Wakati huohuo wao walikuwa hai, na asubuhi iliyofuata waliiona mashua ya injini iitwayo Murchison ikipanda mto. Mashua hiyo ndiyo iliyowachukua hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine, aina ya de Havilland Rapide, ambayo ilishika moto ilipojaribu kuruka. Hemingway aliumia vibaya zaidi katika ajali hiyo ya pili.

Mafunzo mawili yanajitokeza. Kwanza, kuyaona mabaki si kuwaona watu. Jicho lililo juu, linalopita kwa kasi, linaweza kutoa jibu la uhakika ambalo si la kweli, na jibu hilo likasimamisha juhudi. Pili, waliookoa ni watu wa majini waliokuwa wakipita kwa shughuli zao, bila kutumwa na mamlaka yoyote. Tutaliona jambo hili tena miaka 68 baadaye katika ziwa jingine.

Anga ya miaka hiyo ilikuwa na hatari nyingine ya mgongano. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, mtafiti wa wanyamapori kutoka Ujerumani, alifariki baada ya ndege yake ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa milia ya pundamilia, kugongana na tai wakati wa kuhesabu wanyama wa Serengeti. Kazi yake ilihitaji kuruka chini ili aone vizuri, na kuruka chini ndiko kulikomweka katika njia ya tai.

4.0 Hesabu ya Sekunde Kumi na Mbili

Kwa nini kanuni ya kuona na kukwepa hushindwa hata marubani wanapokuwa makini? Hesabu ndogo inatosha kuonesha.

Tuchukue ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 185 kwa saa, mwendo wa kawaida wa ndege ndogo. Zinakaribiana kwa kilomita 370 kwa saa, yaani takriban mita 103 kila sekunde. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria kwamba rubani huhitaji sekunde 12.5 kukiona kitu, kukitambua kuwa ni ndege, kugundua kwamba kinamjia, kuamua na kukigeuza chombo. Katika sekunde hizo, ndege hizo mbili zinamaliza karibu kilomita 1.3. Mabawa ya Cessna 172 yana upana wa mita 11. Kwa umbali huo yanaonekana kama upana wa mwezi mpevu, huku kiwiliwili chake kikiwa kama nukta. Huo ndio wakati wa mwisho wa kuiona, wala si wa kwanza.

Kuna ugumu mwingine. Macho ya binadamu huvutwa na kinachosogea. Lakini ndege iliyo katika njia ya kugongana nawe haisogei kwenye kioo: hubaki mahali pamoja, ikikua polepole, kisha ghafla. Isitoshe, ndege yenye mabawa juu humziba rubani asione vyema kilicho juu yake, na ndege inayopanda huinua pua na kuficha kilicho mbele na chini. Ndege mbili zinaweza kukaribiana kila moja ikiwa katika kivuli cha nyingine.

Mataifa mengine yaliligundua hili kwa gharama kubwa. Mgongano wa ndege mbili za abiria juu ya Grand Canyon tarehe 30 Juni 1956 uliua watu 128 na kuchochea sheria ya mwaka 1958 iliyounda mamlaka mpya ya anga ya Marekani. Tarehe 8 Agosti 2009, ndege ndogo aina ya Piper iligongana na helikopta ya watalii juu ya Mto Hudson, New York, na watu 9 wakafa. Wapiga mbizi waliitafuta miili na mabaki katika maji yenye giza kwa siku kadhaa. Kabla ya mwaka huo kwisha, kanuni mpya zilianza kutumika: ndege zinazopita moja kwa moja zilitengewa kimo tofauti na zile zinazozunguka hapo hapo, mwendo ukawekewa kikomo, na kila rubani akalazimika kutangaza mahali alipo kwenye masafa ya redio ya pamoja. Jicho halikuondolewa kazini. Lilipewa wasaidizi.

5.0 Kutoka Kurugenzi Moja hadi Mamlaka Nyingi

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na huduma za pamoja. Shirika la ndege la East African Airways lilianza safari zake mwaka 1946. Usimamizi wa anga ulikuwa chini ya kurugenzi moja ya kikanda, na baadaye ukarithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967. Marubani walifundishwa katika chuo cha pamoja kilichoanzishwa Soroti, Uganda, mwaka 1971. Mfumo huo ulikuwa na asili ya kikoloni na haukuwahudumia wananchi wote kwa usawa. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo haijapatikana tena: aliyepokea taarifa ya ndege iliyopotea hakuhitaji kuuliza kwanza ilipotelea upande gani wa mpaka.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Magari, meli na ndege za shirika la pamoja ziligombaniwa, na wanahistoria wameandika mengi kuhusu mgawanyo huo wa mali. Mgawanyo wa wajibu haujaandikiwa kiasi hicho. Kila nchi ilijenga idara yake, na hatimaye mamlaka yake: Uganda mwaka 1991, Kenya mwaka 2002, na wengine wakafuata. Kiambatisho namba 12 cha Mkataba wa Chicago kinaitaka kila nchi iwe na huduma ya utafutaji na uokoaji, na pia irahisishe kuingia kwa waokoaji kutoka nchi jirani. Sharti la kwanza linahitaji bajeti ya taifa. La pili linahitaji kuaminiana.

Jumuiya mpya, iliyorejeshwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ilianzisha mwaka 2007 wakala wa usimamizi wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Wakala huo umefanya kazi kubwa ya kuoanisha kanuni na viwango. Lakini kuoanisha kanuni ni jambo moja, na kuituma helikopta alfajiri ni jambo jingine.

6.0 Saa za Kwanza: Matukio Matatu ya Karibuni

Tarehe 5 Juni 2018 ndege aina ya Cessna 208 ikitoka Kitale kwenda Nairobi ilipoteza mawasiliano ikiwa na watu 10. Ukungu na mvua katika safu ya Aberdare viliwazuia waliotafuta kwa helikopta. Mabaki yalionekana tarehe 7 Juni, na hapakuwa na aliyenusurika. Kwa siku mbili familia zilisubiri habari katika mji mkuu ulio umbali wa saa chache tu kwa gari kutoka mlima huo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba, Tanzania. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Hapakuwa na haja ya kutafuta, kwa kuwa ndege ilionekana kutoka ufukoni. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Vifaa walivyokuwa navyo vilikuwa kasia na kamba.

Tarehe 10 Juni 2024 ndege ndogo ya kijeshi aina ya Dornier 228, iliyombeba Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilishindwa kutua Mzuzu na kutoweka katika msitu wa Chikangawa. Serikali ya Malawi iliomba msaada wa nchi jirani na za mbali. Mabaki yalipatikana siku iliyofuata, na watu wote 9 walikuwa wamefariki. Ikiwa ndege ya kiongozi wa pili wa taifa ilitafutwa usiku kucha katika msitu unaojulikana, tunaweza kukadiria hali ya ndege ya mafunzo au ya mkulima.

Ukiyaweka matukio haya kando ya mgongano wa Nairobi, tofauti moja inajitokeza. Cessna ya mwaka 2024 ilianguka karibu na mji, mchana, katika hifadhi yenye askari wa doria. Kama mgongano huo ungetokea jioni juu ya Aberdare au Chikangawa, historia inatuambia kwamba ingechukua siku, si saa, kuifikia.

Teknolojia ya kupunguza muda huo ipo. Mpango wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti, ulifanikisha uokoaji wake wa kwanza Septemba 1982, pale watu 3 wa ndege ndogo iliyoanguka British Columbia, Kanada, walipopatikana kwa msaada wa setilaiti ya Kisovieti. Mataifa mawili yaliyokuwa katika vita baridi yaliweza kutafuta pamoja. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hizo haziisikilizi tena ishara ya zamani ya megahezi 121.5, zinapokea ile ya megahezi 406, ambayo humtambulisha mwenye chombo endapo kimesajiliwa. Ndege inayobeba kifaa cha zamani peke yake inalia kwa sauti ambayo setilaiti haiisikii.

7.0 Suala la Lugha

Katika kongamano la Kiswahili hatuwezi kuliacha jambo hili. Rubani na mwongozaji huzungumza Kiingereza kwa mujibu wa taratibu za kimataifa. Lakini anayesikia kishindo msituni ni mchungaji, mrina asali, mvuvi au mama anayechota maji, naye huripoti kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa chifu. Ripoti hiyo hupanda ngazi kadhaa kabla ya kufika penye ramani. Katika kila ngazi hupotea kitu: upande wa jua, mlio wa injini, saa yenyewe.

Miongozo ya utafutaji katika ukanda huu imeandikwa kwa ajili ya maofisa. Mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache, unaomweleza mwananchi aangalie nini, asiguse nini na ampigie nani, ungegharimu kidogo kuliko saa moja ya helikopta. Istilahi nyingi tayari zipo katika matumizi: mabaki, manusura, uokoaji, ishara ya dharura. Kinachokosekana ni kuzikusanya na kuzifundisha.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tangu mwaka 1929 hadi 2024 anga ya Afrika Mashariki imejaa, ilhali kanuni iliyotungwa kwa ajili ya anga tupu imebaki. Kurugenzi moja iligawanyika kuwa mamlaka nyingi, na wajibu wa kutafuta ukafuata mipaka. Katika kipindi chote hicho, wananchi wa kawaida wameendelea kutangulia kufika.

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, viwanja vinavyochanganya mafunzo na safari za abiria, Wilson kikiwa mfano, vitenganishe njia na vimo vya makundi hayo mawili kwa kanuni ya kudumu, badala ya kutegemea macho na redio peke yake. Pili, kila ndege ndogo, ikiwamo ya mafunzo, iwe na kifaa cha ishara cha megahezi 406 kilichosajiliwa, na serikali zifikirie kukisamehe ushuru. Tatu, nchi wanachama wa Jumuiya, pamoja na majirani kama Malawi, zikubaliane mapema kuhusu ruhusa ya waokoaji kuvuka mpaka, ili barua isiandikwe wakati watu wakiwa mlimani. Nne, wavuvi, wachungaji na wakazi wa kando ya misitu watambuliwe rasmi kuwa sehemu ya mfumo wa uokoaji, wafundishwe kwa Kiswahili, na wapewe vifaa vya msingi.

Pendekezo la nne ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na ndilo lenye ushahidi mkubwa zaidi wa kihistoria. Mashua ya Butiaba mwaka 1954 na mitumbwi ya Bukoba mwaka 2022 zilifanya kazi ambayo hakuna mpango uliokuwa umezikabidhi. Sera ya uokoaji inayoandikwa leo ianze kwa kuwaorodhesha watu hao, kijiji kwa kijiji na mwalo kwa mwalo, kabla ya ajali inayofuata.